Masika ya Kumnenepesha Yusra

Jumapili, 6 Aprili

Wewe uliyemo tumboni, nakuandikia wewe. Baba yako ni mimi, Sabiri, dereva bodaboda wa hapa Misima, mwenye pikipiki nyekundu ambayo matope ya Handeni nzima hayajawahi kuilaza chini. Shule niliishia kidato cha pili, si kwa ujinga, bali mimi na mwalimu wa hesabu tulishindwa kuishi wilaya moja. Mwandiko wangu unajionea mwenyewe. Nitaandika mpaka mahindi yavunwe, ili ukijua kusoma usije ukasimuliwa habari zangu na bibi yako.

Huyo bibi yako ndiyo habari ya leo. Ni mama yake Yusra, na Yusra ndiye mama yako. Anakaa Kwamndolwa, kule Korogwe. Jina lake siwezi kuliandika wala kulitamka, maana kwetu mwanaume hataji jina la mama mkwe. Sikai naye mkeka mmoja, sili mbele yake, na tukikutana njiani mimi ndiye ninayeingia majanini. Kumgusa ndiyo usiseme kabisa. Humu nitamwita Mkwe, inatosha.

Leo kaja kumtazama binti yake. Mimi nilijibanza nyuma ya ukuta wa jiko, kama inavyotakiwa, nikasikiliza, kama isivyotakiwa.

"Yusra, mbona umekonda hivi? Hii miezi sita ni ya mimba au ya njaa?"

"Nakula, mama."

"Unakula nini? Maneno ya mumeo?"

Akasema mimba ya kwanza mtu hujifungulia kwa mama yake, kwa hiyo ikikaribia atakuja kumchukua ampeleke Kwamndolwa, akale chakula cha watu. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikakohoa kwa adabu nikasema, "Shikamoo mama. Njoo tena mwezi ujao. Yusra atakuwa amenenepa mpaka tuuvunje mlango apite."

"Marahaba," akasema. "Makubwa! Siku hizi mpaka kuta zinajisifu."

Vita imeanza. Wewe utazaliwa Misima, na mama yako atakuwa bonge.

8 Aprili

Mvua. Mahindi yameota vizuri kuliko ya Iddy, dereva mwenzangu. Nimenunua trei ya mayai.

11 Aprili

Asubuhi mayai. Mchana ugali na kisamvu cha nazi. Alasiri maziwa ya yule mama wa Kimaasai anayepita na madumu. Jioni bada na samaki, maana ugali wa muhogo unajenga mwili. Machungwa katikati. Yusra kaniambia, "Sabiri, mimi si ng'ombe wa kuchinjwa Idi." Nikamwambia kula, heshima ya ukoo iko kwenye mashavu yako.

Kwa siri amempa mbwa wa jirani mayai. Mbwa amependeza.

Jumanne, 15 Aprili

Leo nimekuwa mume wa mtu.

Usishtuke, soma taratibu. Zahanati yetu ina utaratibu: mama mjamzito akija na mumewe anahudumiwa kwanza, ili wanaume nao wasikie mafunzo. Sasa waume wengine wako Dar, wengine mashambani, wengine wako nyumbani wamelala ila hawataki. Basi kina mama wakifika kijiweni kwetu wanatutazama madereva kwa jicho la kuchagua, kama mtu anayenunua mbuzi. Wananichagua mimi. Iddy hawamtaki, akiingia mle ndani anacheka.

Nesi Hilaria ndiye anayefundisha. Ana sauti ya kuamsha kijiji. "Akina baba, nisikilizeni! Kichwa kinachouma sana na hakisikii dawa. Macho kuona ukungu au vimulimuli. Uso na mikono kuvimba. Maumivu juu ya tumbo, hapa chini ya mbavu. Ukiona hata moja, usingoje kesho, mlete. Hiyo ni presha ya mimba. Ukiichekea inaleta kifafa cha mimba, na hicho kinaondoka na mama na mtoto. Haya, nani kanielewa?"

Nikanyoosha mkono nikayataja yote, kwa mpangilio, bila kumeza mate. Darasani sijawahi kupata yote.

"Baba hodari huyu," akasema nesi, halafu akainamisha miwani. "Ila wewe nakuona sana. Mwezi uliopita hukuja na mama mmoja mrefu?"

"Yule shemeji, nesi."

"Na yule mweupe wa kabla yake?"

"Shemeji wa shemeji."

Kijiweni nimewaimbia yote huku napiga ngoma kwenye tangi la mafuta: kichwa kisichosikia dawa, twi twi, macho vimulimuli, twi twi. Wamecheka mpaka wakakosa abiria. Yusra hajui kazi yangu hii ya pembeni. Yeye kliniki alikwenda na mamake mara ya kwanza, na mara ya pili alikwenda na jirani, mimi nikiwa shambani. Siku yake ikifika mwezi ujao nitampeleka mwenyewe, nesi aone mume halisi anavyofanana.

22 Aprili

Mvua. Palizi. Mbwa wa jirani ananifuata kila niendapo.

2 Mei

Ushindi wa kwanza! Kandambili za Yusra hazimwingii. Nimemnunulia za kiume.

Ijumaa, 9 Mei

Ushindi mkubwa. Pete ya ndoa imegoma kutoka kidoleni. Tumejaribu sabuni, tumejaribu mafuta ya nazi, wapi. Nikamwambia ndoa ya kweli ndiyo hiyo, haitoki kwa sabuni. Na uso! Uso umekuwa mviringo kama mwezi mpevu. Macho yamebaki kidogo tu, kama ya mtu anayekuwinda kichakani. Nikampiga picha nikaiweka kwenye status: MKE WA SABIRI HALI NJAA.

Iddy kajibu, "Mwanangu, umemlisha hamira?"

Wivu. Mkewe mwembamba kama antena.

10 Mei

Mkwe ameiona ile picha. Kapiga simu kabla hata jogoo hajamaliza. Yusra akaiweka sauti ya nje.

"Huo uso unavimba jioni ukichoka, au unaamka nao?"

"Naamka nao, mama."

"Na mikono?"

"Na mikono."

Nikapaza sauti kutoka uani, "Ni unono huo, mama!"

"Unono gani unaoingia kwa wiki moja kama mgeni? Mwanangu, nenda kapime."

Nikamwambia Yusra asijali, mama yake ameona ameshindwa. Nimempikia supu ya kuku, nikatia chumvi ya kutosha ishuke vizuri.

Jumatano, 14 Mei

Siku ya kliniki ya Yusra. Kaamka anasema kichwa kinamgonga kama mtu anayetwanga. Na mvua nayo inatwanga. Nikamwambia lala, tutakwenda kesho.

Kijiweni nikakutana na mama mmoja, tumbo hili hapa, anatafuta mume wa saa moja. Basi nikaenda. Nesi Hilaria akauliza dalili, nikajibu zote. Akasema nifungue darasa langu. Mzuka ulinipanda mpaka nikawarekebisha waume wawili waliosema vibaya.

15 Mei

Mvua. Kichwa cha Yusra bado. Panadol.

17 Mei

Mvua. Panadol.

18 Mei

Mvua. Mkwe kapiga simu, nimemwambia tumeshakwenda kliniki. Si uongo, mimi nimekwenda.

21 Mei

Jua kidogo. Yusra kaomba nifunge dirisha, mwanga unamuumiza. Hataki mayai. Hataki hata kunitania. Nikamwambia umekuwa bonge mpaka uvivu umekuingia. Hakujibu. Yusra huwa anajibu.

24 Mei

Mvua. Mahindi yanatoa mbelewele. Panadol.

Alhamisi, 29 Mei

Naandika habari za jana. Nimekaa kwenye benchi la hospitali hapa Handeni, daftari liko gotini, kwa hiyo mwandiko niliousifu mwanzoni uusamehe.

Jana asubuhi Mkwe alitokea bila kupiga simu. Alipanda basi la kwanza kutoka Korogwe, akashuka barabara kubwa, akatembea kwa miguu mpaka kwetu, matope mpaka magotini, viatu mkononi. Nikajirusha nyuma ya ukuta. Hata hakuhangaika kunitafuta.

"Yusra! Nyoosha mguu."

Nikachungulia. Akambonyeza Yusra kwa kidole gumba pale mbele ya mguu, kwenye mfupa. Akashikilia kidogo, akaachia. Shimo likabaki. Likakaa pale pale, kama ulivyobonyeza donge la ugali bichi.

"Sabiri!" Jina langu, hivyo hivyo, ukutani. "Hii ndiyo nyama uliyomlisha mwanangu? Nyama haina shimo. Haya ni maji."

Nikafungua mdomo niseme unono mzuri huwa laini. Lakini Yusra akajifunika uso kwa kanga akasema taratibu, "Mama, mbona vimulimuli vingi hivi mchana?"

Nikacheka. Wallahi nilicheka. Nikasema, "Vimulimuli mchana! Bonge langu linaota." Na mdomo wangu, ambao umezoea, ukaendelea wenyewe bila kuniuliza: macho kuona ukungu au vimulimuli, twi twi. Uso na mikono kuvimba, twi... Nikaiona pete, imezama kidoleni mpaka haionekani vizuri. Kichwa kisichosikia dawa. Nikaziona karatasi za panadol pale dirishani. Ikabaki dalili moja.

Nikatoka nyuma ya ukuta. Nikasimama mbele ya mkwe wangu, uso kwa uso, mara ya kwanza tangu nioe. "Yusra, tumbo je? Huku juu, chini ya mbavu?"

"Tangu jana," akasema. "Nilidhani ni kisamvu."

Mtoto wangu, nimewahi kuanguka mtini, nimewahi kufukuzwa na nyati kumbe ni ng'ombe wa watu, lakini baridi niliyoisikia hapo sijawahi. Wimbo wote ulikuwa ndani ya nyumba yangu. Mimi ndiye niliyekuwa naupigia ngoma.

Yusra hawezi kukaa peke yake nyuma, anayumba. Nikasema, "Mama, itabidi mshikaki." Yaani watu watatu kwenye pikipiki moja: mimi mbele, Yusra katikati, na wa nyuma amzuie asidondoke. Na wa nyuma, ili ashike vizuri, hana budi kupitisha mikono mpaka kwenye kiuno cha dereva.

Mkwe alinitazama. Nami nikamtazama. Akafunga kanga, akapanda.

Basi ndiyo hivyo. Mikono ya mkwe wangu kiunoni mwangu, kutoka nyumbani mpaka zahanati, kijiji kizima kinashuhudia. Bibi mmoja aliacha jembe akashika kichwa. Mzee mwingine aligeuka akatazama mti. Nikaanza kuomba radhi, Mkwe akanipiga kofi la mgongo. "Adabu zako weka mfukoni! Kushoto! Kushoto kuna kokoto, wewe!" Sijawahi kupata abiria anayejua barabara vile.

Kwenye kijito pikipiki ikazama. Iddy alikuwa ng'ambo. Alipomwona Yusra hakutania, na Iddy asipotania ujue hali ni mbaya. Akaingia majini na suruali yake ya kwendea mjini, akaita vijana wa kijiweni, wakanyanyua pikipiki na Yusra akiwa juu yake. Haikulala chini. Hilo naliandika kwa heshima yao, si yangu.

Nesi Hilaria alikuwa mlangoni. "Aa, baba hodari! Leo umetuletea shemeji gani?"

"Huyu si shemeji, nesi." Nikamshusha Yusra kwenye pikipiki. "Huyu ndiye wangu. Huyu ni wangu mwenyewe."

Yusra, na kichwa chake kile, akageuka. "Shemeji wangapi?"

"Tutamuua baadaye, mwanangu," akasema Mkwe. "Kwanza tukuponye wewe."

Nesi akamfunga mkanda wa presha. Akatazama. Akafungua, akafunga tena mkono wa pili, akatazama tena, na ile sauti ya kuamsha kijiji ikawa ndogo. Akapima mkojo, akaona protini tele. Akamlaza ubavu, akamchoma sindano za kuzuia kifafa, dawa ya kushusha presha, na huku simu iko begani anaita gari la wagonjwa. Mimi nikauliza, "Nesi, kama ningemleta siku ile ya tarehe yake?"

Alikuwa anabandika plasta ya sindano. Alisema tu, "Umemleta kabla hajaanguka. Shika hiyo dripu, inyanyue juu."

Gari likaja, likamchukua yeye na mamake. Mimi nikafuata kwa pikipiki, taa zimewaka, naongea peke yangu barabara nzima. Nilimwahidi Mungu vitu vingi sana. Vingine hata sijui vinapatikana wapi.

Daktari akasema dawa ya ugonjwa huu ni mtoto kutoka, hata kama wakati wake haujatimia. Wakampeleka kumpasua. Nje pale kulikuwa na benchi moja tu. Mimi nikasimama. Mkwe akapiga benchi kwa kiganja, "Kaa." Nikakaa ncha ya kule. Akatoa chupa ya chai, kikombe kimoja, mkate. "Kula." Nikasema mama, mbele yako? Akasema, "Umenibeba mgongoni kama gunia la mahindi, leo ndiyo unaona aibu ya mkate?"

Nikala. Nikalia pia, lakini hilo usimwambie Iddy.

Halafu ukalia wewe. Sauti ndogo, kama mlango unaohitaji mafuta. Mkwe akanishika mkono, akausahau hapo hapo.

Wewe ni mzima. Mama yako yuko hai.

30 Mei

Wewe ni msichana. Nilikuwa nimeandaa jina la Sabiri Mdogo. Basi.

Presha ya mama yako inapanda na kushuka bado. Daktari kasema hata baada ya kuzaa kifafa kinaweza kuja, kwa hiyo hatoki mtu hapa mpaka itulie. Kila akisema kichwa, naruka.

2 Juni

Kwa kuwa wewe ni mdogo kama kifaranga, inabidi ukae kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, upate joto. Mama yako akichoka wanampa baba. Leo nimekubeba mchana kutwa ndani ya shati. Wanaume wengine wodini wametazama kwa wivu. Nesi wa hapa kasema kifua changu kina joto zuri. Nimeliandika hilo ili lisipotee.

3 Juni

Yusra kacheka. Kaniambia, "Haya, nitajie shemeji zako mmoja mmoja." Nikataja wote. Kasema akipona atanipiga. Nimefurahi sana, anajibu tena.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Tumeruhusiwa jana, tukaja Kwamndolwa kwa Mkwe, ili Yusra akale chakula cha watu. Nimeshindwa vita na sijawahi kushindwa kwa raha hivi. Nesi wa zahanati ya hapa atampima presha, nimeandika tarehe ukutani kwa mkaa, kubwa.

Mkwe amenitoza faini ya kumshikisha kiuno: jogoo. Nimeleta. Kasema mdogo. Nimeleta mwingine.

Leo pia tumekupa jina. Nililichagua mwenyewe, hakuna aliyenishauri. Nimekupa jina la Mkwe. Aliingia ndani, akakaa huko muda mrefu, akatoka na pilau. Kisha Yusra akauliza, "Sasa wewe utamwitaje mwanao, na jina hilo hulitamki?"

Sikuwa nimefikiria hapo. Nitakuita Bosi.

25 Juni

Nimerudi Misima kutazama shamba. Mahindi yameanza kukauka. Nalala peke yangu. Mbwa wa jirani kaja kuuliza habari za mayai.

Jumatano, 2 Julai

Kijiweni kafika mama mmoja, tumbo kubwa, kanitazama kwa lile jicho. "Kaka, nisindikize kliniki."

"Mumeo yuko wapi?"

"Anajenga nyumba ya mwalimu, pale juu."

Nikapanda pikipiki mpaka pale juu. Nikamshusha jamaa kwenye ngazi, na mwiko wake, na saruji mpaka kwenye nyusi, nikampakia analalamika. Nesi Hilaria alitukodolea macho mlangoni. "Baba hodari! Leo umeleta mume?"

"Mafundisho yake haya, nesi. Mimi nimeshayasikia."

Nikakaa nje kuwasubiri. Ndani nilimsikia jamaa anasema dalili moja, anasahau ya pili, anaambiwa arudie. Sikumsaidia. Aziseme mwenyewe mpaka zikae.

Jumapili, 20 Julai

Tumevuna. Gunia zimejaa ukumbini, Iddy kasaidia kubeba. Nimepeleka gunia moja Kwamndolwa, na jogoo wa tatu, huyu si faini.

Bosi, leo umeongezeka mashavu, na hayo ni mashavu halali, nimeyabonyeza, hayana shimo. Presha ya mama yako imepimwa, nzuri. Alikuwa amekaa barazani kwenye mkeka, ule ule ninaokaa mimi na bibi yako siku hizi, anakunyonyesha, miguu kainyoosha juani. Nikatazama, nikasogea, nikainama karibu kabisa mpaka akaniuliza nimedondosha nini.

Kifundo cha mguu. Ule mfupa wa pembeni, mdogo, umechongoka kama punje. Sijauona tangu mwezi wa nne. Na pete inazunguka kidoleni, imelegea.

Nikaupiga picha ule mfupa, mguu peke yake, nikauweka kwenye status. Sikuandika neno.

Iddy kajibu, "Mwanangu, mkeo amekonda."

Nikamwonyesha Mkwe simu. Akasoma taratibu, herufi kwa herufi, akacheka mpaka akafuta macho na ncha ya kanga. "Mjibu," akasema. "Mwambie alhamdulillahi."